Maji ya Shahida

Kijakazi hakuwa mtu wa kusemezana na vitu visivyo na masikio, ila na ile chupa pana ya kioo kwenye dirisha la jikoni alisemezana. Kila asubuhi, kabla hajatoka Riruta kwenda Muthangari alikofanya kazi katika maabara ya kupima maji, aliitikisa taratibu, akayatazama maji yake ya kijani yakizunguka, akasema, "Haya mwanangu, mimi nimetoka." Mpita njia angemsikia angesema mama wa watu kaingiwa na pepo. Na aseme! Mpita njia huyo hajawahi kuzika mtoto.

Yalikuwa maji ya Shahida, bintiye wa pekee. Shahida alisomea maziwa ya kaskazini, kule kwenye jua kali na mawe meusi, na kila akirudi safari alikaa kwenye kigoda cha jikoni na vumbi lake, hata kuoga hajaoga, akamhubiria mamake.

"Ziwa lile halina pa kutokea, mama. Maji yanaingia, jua linayanyonya, chumvi na magadi vinabaki. Mwisho maji yanakuwa makali, na vile vijiumbe vinavyoelea kwenye maziwa mengine vyote vinashindwa. Anabaki huyu mwani wangu peke yake, anatamba."

"Anatamba kama wewe," Kijakazi alimjibu, akimsukumia chai.

Mwani wenyewe ulikuwa nyuzi ndogo zilizojikunja, hazionekani ila kwa hadubini, lakini zikiwa nyingi zililifanya ziwa zima kuwa kijani na flamingo wakaja kwa maelfu kula. Safari ya mwisho Shahida alileta chupa moja ya maji yale, nyuzi zikiwa hai ndani. Kisha saratani ya damu ikamchukua, na chupa ikabaki dirishani.

Baada ya hapo zikaja mvua kubwa. Ziwa lilifura likameza miti ya ukingoni, magadi yakazimuliwa, na maji yalipopoa ukali, vijiumbe vya kila aina vikaingia na kujaa. Wenzake Shahida walirudi huko na vyombo vyao wakatafuta nyuzi zile wasizione hata moja. Flamingo nao walikuwa wamekwenda zao. Kwa hiyo kile alichokuwa nacho Kijakazi jikoni, ziwa lenyewe halikuwa nacho tena.

Sasa, kila mtu wa kazi ile anajua kwamba kiumbe hai hawekwi katika chupa moja. Unagawa, moja hapa, nyingine kule, ajali ikitokea una pa kurudia. Debra, mkuu wa maabara, alimwambia hivyo kwa upole zaidi ya mara moja. "Bi. Kijakazi, tuletee hata kidogo tukutunzie." Kijakazi alitikisa kichwa. "Nitamgawaje?" alisema, na Debra akarudi kwenye kazi yake.

Idd ilipofika alikwenda Mombasa kwa kakake, Naeem. Ufunguo wa nyumba alimwachia Njambi, mama yake Jeremy, mwenye ploti alimopanga na rafiki yake wa miaka na miaka. Njambi ndiye aliyekaa naye mkekani siku zote za matanga, kitambaa kichwani, ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Na ndiye peke yake aliyekuwa bado akimwita Mama Shahida. Wengine, kwa kuogopa kumtonesha, walikuwa wameliacha jina hilo.

"Nitunzie maji ya Shahida," Kijakazi alimwambia. Hakueleza zaidi, naye Njambi hakuuliza.

Aliporudi alikuta chupa inang'aa. Maji ndani yalikuwa meupe, unaona hadi upande wa pili.

"Nimekuoshea, Mama Shahida," Njambi alisema, uso umemchanua. "Ilikuwa imeshika ukoga, hata inanuka. Nikaijaza maji ya mvua, ile ya tangi. Ile ya mfereji iko na dawa mingi, siwezi wekea Shahida hiyo."

Kijakazi aliinyakua chupa. Kilichomtoka baada ya hapo hakikuwa maneno ya mtu mzima. "Umemuua! Umemmwaga mwanangu, we mwanamke! Nani kakutuma uoshe?"

"Mimi sijamwaga kitu! Ngoja nikuambie..."

"Nitokee!" Na mlango ukafungwa, pu!

Kesho yake kazini aliweka tone la maji ya chupa ile chini ya hadubini. Nyuzi chache zilizong'ang'ania kioo zilikuwa zimevimba na kupasuka kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mahali pao palijaa viduara vya kijani vinavyopenda maji matamu, pamoja na vidudu vyenye manyoya vikikimbia huku na huku. Ni yaleyale yaliyolipata ziwa, ila sasa yametokea dirishani pake. Alirudi nyumbani akachota magadi yake ya kupikia maharagwe, akayakoroga katika chupa, akangoja. Maji yakawa makali tena. Nyuzi hazikurudi, maana hakukuwa na wa kurudi.

Akanuna. Njambi alimsalimia uani, Kijakazi akageuza shingo. Njambi alimwachia bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, mlangoni, likalala hapo mpaka likachacha. Hapo Kijakazi alikosea, na mimi sitamfichia. Uchungu ulikuwa wake, lakini yule mwenzake naye alikuwa na moyo.

Jumamosi mifereji ikakauka, kama ilivyo desturi yake. Riruta hakuna amwagaye maji, hata ya kuoshea mchele au ya kusuuzia nguo. Yote huwekwa kwenye ndoo nyuma ya nyumba, karibu na choo, yangoje siku kama hiyo. Kijakazi alikwenda huko na kopo, akatumbukiza mkono katika ndoo ya mwisho iliyokuwa pembeni juani, na vidole vyake vikateleza.

Akasita. Akasugua kidole kwa kidole. Utelezi ule aliujua. Si wa sabuni, kwa kuwa hapakuwa na povu. Akanusa. Akachota kwa kopo, akaliinua kwenye mwanga, na ndani yake akaona kijani, kijani kile kile! Jua lilikuwa limeyapunguza maji mpaka karibu na kitako cha ndoo, lakini yalikuwemo.

"Mama Jeremy!" alipiga kelele hadi wapangaji wakatoa vichwa. "Mama Jeremy wee! Njoo!"

Njambi alitoka na unga mikononi, amekunja uso. "Sasa nimefanya nini tena?"

"Ndoo hii. Maji haya ni ya nini?"

"Si ni ile nilitoa kwa chupa yako? Nilikuambia sijamwaga. Nilikuwa niitumie kwa choo." Akatazama chini. "Lakini ulisema ni ya Shahida. Nitamwagaje ya Shahida kwa choo? Nikashindwa nitaipeleka wapi, nikaiacha hapo."

Kijakazi alikaa chini pale pale kwenye saruji, akalia jinsi ambavyo hakuwa amelia tangu mazishi. "Nisamehe, mwenzangu. Nimekukosea. Nimekukosea sana."

"Ulinifungia mlango, wewe."

"Nilikufungia."

"Na githeri yangu ukaacha ikaharibika."

"Nikaiacha, ndiyo."

Njambi alijipangusa unga, akakaa kando yake.

Jumatatu walikwenda Muthangari pamoja, Njambi amevaa suti yake ya kitenge ya kwenda kanisani. Kijakazi mwenyewe ndiye aliyegawa maji. Chupa moja alimpa Debra, nyingine akaiweka iwe ya dirisha lake. Ya tatu alimkabidhi Njambi. "Hii ikae kwako. Ikishika ukoga, ushangilie. Usiioshe!"

Kisha akamkalisha mbele ya hadubini, akamrekebishia lenzi. Njambi alifumba jicho moja, akatafuta, akashtuka. "Ngai! Zimejikunja kama springi za kitanda. Na zinatembea!"

"Zi hai."

Njambi hakuondoa jicho. Alitazama kwa muda mrefu, mkono wake ukaja ukamshika Kijakazi kiganja.

"Na yeye aliziona hivi?"

"Hivi hivi, Mama Jeremy," alisema Mama Shahida. "Hizi hizi."