Kompyuta namba tisa ilipita ukaguzi: nilichofuta ili ipite

Wakuu, hamjambo, pamoja na nyinyi mnaosoma humu mkiwa kazini huku bosi akidhani mnajaza ripoti.

Nimesoma nyuzi nyingi za mafundi wakijisifu. Wangu hauna sifa. Nitasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana vibaya. Majina nimebadilisha na shule sitaitaja.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa naishi Majimbo, Embu, nina diploma, briefcase na bisibisi tatu. Siku hizo ukijua kufungua kava ya kompyuta uliitwa engineer. Niliitika.

Shule moja ya wasichana upande wa Kanyakine ilikuwa na lab ya kompyuta kumi, zimeungwa kwa kebo nyeusi hadi kwenye server, kompyuta kuu ya kuhifadhia kazi. Zote zilikuwa za Windows 3.1. Bodi ilitaka kuhamia Windows 95, na kabla ya kununua wakaniita nipime zipi ziko tayari na zipi haziko.

Vijana wa leo, upgrade haikuwa kubonyeza kitufe uende zako kunywa chai. Ulipita mashine kwa mashine. Processor ni gani? RAM inatosha? Disk ina nafasi? Network card inashika?

Nilikuwa na fomu niliyojitengenezea mwenyewe, na niliipenda kupita kiasi. Safu ya mwisho iliuliza kama kazi za wanafunzi ziko salama kwenye server.

Hapo ndipo nilipoteleza.

Nilifika Ijumaa asubuhi. Mwalimu wa kompyuta, nitamwita Mwalimu Kirimi, alikuwa amewakusanya Form Four. Siku iliyotangulia alikuwa amewaonya: mgeni anakuja, msiniaibishe. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Nikasimama mbele nikauliza, "Kila mtu ame-save project yake kwa server?"

"Yeees, sir!"

Sauti moja. Mliosoma boarding mnaijua hiyo yes. Mgeni akiuliza kama mmekula, yes. Akiuliza kama mmeelewa, yes. Ni adabu mnayomwonyesha mgeni, wala hakuna anayekuwa amefikiria swali. Mimi mwenyewe niliitikia hivyo miaka minne nikiwa shule. Lakini siku hiyo nilijaza tiki kumi kwenye fomu kabla hata sijakaa.

Mjue kwamba project ndiyo ilikuwa roho ya somo. Mtahiniwa anatengeneza programu yake, inasahihishwa pamoja na mtihani wa mwisho. Zilikuwa zimebaki wiki mbili zikusanywe.

Wasichana wakaenda madarasa mengine, nikabaki na mashine zangu. Saba zilipita. Mbili RAM ilikuwa kidogo, nikaziandikia HAPANA. Namba tisa ikanisumbua. Kila kitu sawa, ila disk ilikuwa imejaa, ikizidi kidogo tu kiwango kinachotakiwa.

Principal alikuwa ameniomba, kwa upole, kwamba angalau nane zipite, maana wazazi wamechoka kuambiwa bado. Ya nane ingekuwa hiyo.

Basi nikasafisha. Nikafuta game, nikafuta picha, nikafuta directory tatu, yaani mafolda, zilizoitwa TEMP na namba zake. Sikufungua hata moja. TEMP ni mafaili ya muda, takataka, kila fundi anajua.

Kisha nikaendesha defrag, ile programu ya kupanga disk upya. Zamani ukifuta file kwa bahati mbaya ulikuwa na nafasi ya kulirudisha, mradi hakijaandikwa kitu juu yake. Defrag inaandika juu yake.

Namba tisa nikaiandikia TAYARI, kwa herufi kubwa.

Baada ya lunch msichana mmoja akaingia peke yake. Nitamwita Kinya. Akaketi kwenye namba tisa, akaandika kitu, akatulia. Akaandika tena.

"Sir, kulikuwa na TEMP hapa."

Nikamuuliza kulikuwa na nini ndani.

Akanieleza huku akiangalia keyboard. Muhula huo alikuwa nyumbani wiki tatu, baba yake akiugua, hadi wakamzika. Akiwa huko, Mwalimu Kirimi akabadilisha password za server za darasa zima. Aliporudi akaogopa kumwendea mwalimu. Rafiki yake akamwonyesha jinsi ya ku-save kwenye disk ya namba tisa, ingawa ilikatazwa, na kuiita TEMP ili isionekane.

"Na si ulisema yes?" nikamwambia. Oneni ubaya wangu, wakuu.

"Nilisema, sir. Wote walikuwa wamesema."



"Programu naeza andika tena," akaendelea. "Shida ni hiyo majina."

Baba yake alikuwa fundi wa mradi wa maji kwao kijijini. Yeye ndiye aliyejua paipu zote, kuanzia juu kwenye chemchemi hadi nyumba ya mwisho bondeni: inapokata kona, inapoingia kwa nani, na valvu za kufungia maji zimezikwa wapi. Kitabu hakikuwako. Siku zake za mwisho alimtajia bintiye kwa mdomo, nyumba baada ya nyumba, kwa mpangilio wa maji yanavyoteremka. Nyumba sitini na tatu. Binti akaandika kwa daftari, na hiyo ndiyo ikawa project yake.

"Na daftari iko wapi?"

"Ilinyeshewa, sir. Dorm yetu huvuja. Nilikuwa nimeshukuru Mungu juu nilikuwa nishaiweka kwa computer."

Na mimi nikasema, "Labda ni virus."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mtoto aliyetoka kuzika baba, nikamdanganya uso kwa uso ili fomu yangu ibaki safi. Akaitika "yes, sir" akatoka.

Nilirudi Embu. Jumamosi nikaketi kuandika ripoti, na nilipofika kwa namba tisa nikaweka kalamu chini. Nikajiambia amekosea mwenyewe, alivunja sheria ya lab. Nikajiambia mwalimu ndiye wa kulaumiwa. Yote yalikuwa na ukweli kidogo, na hakuna lililonituliza.

Jumatatu nikarudi Kanyakine bila kuitwa. Nikamwambia Mwalimu Kirimi mbele ya Deputy, naibu wa Principal, kwamba hakuna virus, ni mimi niliyefuta kazi ya Kinya.

Nilitarajia anifokee. Akavuta drawer yake, akatoa kikaratasi.

"Password yake ni hii," akasema. "Imekaa hapa mwezi mzima. Nilikuwa nangoja akuje aulize."

Deputy alikuwa mama wa maneno machache. Akasema, "Sasa nyinyi wawili mmemalizana. Na msichana?"

Kinya akapewa lab kila jioni saa za games. Nikaomba niwe pale kuhakikisha mashine haimsaliti, lakini sikugusa keyboard, kwa sababu kazi ilitakiwa iwe yake mwenyewe. Programu aliimaliza kwa siku nne. Alikuwa na kichwa chepesi huyo binti.

Majina ndiyo yalikuwa mlima. Alifumba macho, midomo ikicheza, akiteremka na paipu ya baba yake. Kwa Mutwiri, inapita nyuma ya zizi. Kwa mama Gakii, valvu iko kando ya choo. Anafumbua, anaandika, anafumba tena.

Baada ya nyumba ya arobaini na moja akakwama. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anaanza upya kutoka kwenye chemchemi, anafika hapo hapo.

Muda ulikuwa unaisha. Nikamwambia, "Jaza majina yoyote tu. Examiner hajui mtu huko kwenu."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Baba hakuniambia majina ya kubuni, sir."

Akakusanya project ikiwa na nyumba arobaini na moja. Mtihani ulipotoka alikuwa na B, na kwa siku zile ilikuwa nzuri. Watu wakanipongeza kwa kusimama naye. Pongezi hizo zilikuwa zinanichoma.

Kiangazi kilichofuata Mwalimu Kirimi akanipigia simu kazini. Paipu ilikuwa imepasuka kule kwao Kinya, upande wa chini. Kamati ya maji ilikuwa na ile list Kinya aliyoprintiwa shuleni, na nyumba za juu zote zilipata maji kwa kuifuata. Kuanzia nyumba ya arobaini na mbili hakuna aliyejua paipu imepita wapi, wala valvu ya kufunga iko wapi. Nyumba ishirini na mbili zilikuwa zinachota mtoni, na watu walikuwa wanachimba wakibahatisha.

Nikaazima jembe nikaenda.

Nilikuta wanaume kama kumi mashambani, mitaro kila mahali kama fuko amepita. Nikaanza kuchimba. Mchana mama yake Kinya akatuletea uji. Akauliza huyu engineer wa Embu ameletwa na nini huku.

Ningeweza kusema nimekuja kusaidia. Nikaweka jembe chini nikasema mbele ya wote, "Mama, nyumba zilizobaki bwana yako alikuwa amezisema. Zilikuwa zimeandikwa. Mimi ndiye nilizifuta."

Mzee mmoja akatema mate kando.

Mama akanitazama. Kisha akanyoosha kidole kuelekea migomba.

"Chimba pale," akasema. "Alikuwa anapenda kupitisha kando ya ndizi."

Valvu tuliipata kesho yake, imezikwa chini ya jiwe bapa. Kinya, ambaye sasa alikuwa nyumbani baada ya mtihani, akashuka mtaroni, akafuta udongo kwa kiganja, akaketi hapo hapo akalia. Siku ya mazishi hakuwa amelia, mama yake aliniambia. Sisi tukaenda kusimama mbali.

Nyumba ya mwisho ilipata maji wiki mbili baadaye.

Wakuu, somo langu ni fupi. Unapopima kama mashine iko tayari, usiulize darasa. Muulize mtu mmoja mmoja, ukiwa umeketi karibu naye, na muulize kwa namna ambayo anaweza kukwambia "hapana" bila kuogopa. Fungua kila directory hata kama jina lake ni takataka. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Siku tatu nilizokaa kimya alikuwa bado anakumbuka zaidi. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila hasira, na sijui ni nyumba ngapi zilipotelea katika siku hizo.

Uwanja ni wenu. Mafundi, mliwahi kufuta nini cha mtu, na mlichukua siku ngapi kumwambia?