Mama na Mvinyo Asiouonja

Harufu ya kizibo kilichochomolewa sasa hivi, ncha yake bado mbichi, imegeuka rangi ya zambarau: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine wanakumbuka udi na asumini. Mimi, binti wa mpishi Mwislamu wa Unguja, nakumbuka mvinyo, na sioni haya kusema, maana tone hatukulionja. Tulikaa chumba cha nyuma katika nyumba ya Wafaransa, hapa hapa Dubai, zama zile mtaa wetu wa Al Twar sehemu kubwa ni mchanga na miiba. Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa pili tangu tutoke kwetu. Kila joto lilipovunjika, sir, mwenye nyumba, aliletewa makasha ya mvinyo mwekundu mpya wa kwao, wa zabibu za mwaka uleule, mwepesi, wa kunywewa upesi kabla haujazeeka. Hapo wageni walialikwa chakula cha mchana kila Ijumaa.

Msimu ule mama alikuwa na haja moja tu: nisome. Shule ilitaka karatasi yenye sahihi ya kafeel, yaani mdhamini wa mgeni, na kafeel wetu alikuwa sir Bernar. Mkewe, madam Klodeti, akamwambia, "Mwanaisha, pika kitu kinachoendana na mvinyo huu, wageni wafurahi, na sir atatia sahihi." Mama akafanya kosa ambalo angelifanya Mzanzibari yeyote anayetaka kumheshimu mgeni: akapika samaki wa kupaka, tui zito, pilipili ya kutosha. Wageni wakala samaki, wakaacha mvinyo. Madam akarudisha bilauri zimejaa, akasema mvinyo ule umekuwa kama kutafuna msumari. Ijumaa inayofuata ndiyo nafasi ya mwisho, akasema, khalas, basi.

Mama hakulia, na mpaka leo nampendea hilo. Aliviokota vizibo kwenye pipa la taka, akavipanga juu ya kibao cha mboga, akavinusa kimoja kimoja, macho kayafumba. "Mungu atanisamehe pua," alisema, "ulimi sikuutia." Kisha akanisogezea kimoja.

"Wanusa nini, mwanangu?"

"Zambarau, mama."

"Zambarau gani?"

"Za mwanzo wa msimu. Zile za ukakasi."

"Ehee! Na zile kwetu tulikuwa twazila na nini?"

"Na chumvi."

Alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. "Kumbe Wafaransa nao wala zambarau kwa chumvi, wajishaua tu!"

Basi Ijumaa ile nazi haikukunwa. Aliwaoka kuku kwa vitunguu saumu mpaka ngozi ikakauka na chumvi ikakolea. Alichemsha dengu na karoti, akakaanga soseji, akapanga jibini laini na mkate. Pilipili aliifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Chupa nazo akaziweka kwenye friji kwa muda wa birika kuchemka. Salum, dereva wa nyumba ile, akaja kusimama mlangoni.

"Weye Mwanaisha, mvinyo mwekundu watiwa baridini? Utafukuzwa leo leo!"

"Zambarau ya moto umeila wapi, Salum?"

Sahani zilirudi nyeupe, chupa tupu. Mzee mmoja mgeni alikuja mpaka jikoni, akataka kumbusu mama mkono. Mama akauficha mkono ndani ya kanga, na mimi nikacheka hadi nikakaa chini. Sijamwona tena mama na uso ule wa furaha. Alinawa, akaenda chumbani kuichukua karatasi ya shule, akaiweka mbele ya sir kwa mikono miwili. Sir akasema inshallah, akaisukuma kando ya sahani. Nilipokuwa nakusanya bilauri, nikamsikia Salum kwa masikio yangu: "Madam, mtoto akienda shule, hizi ataosha nani?" Madam akacheka. Ile karatasi hatukuiona tena, na mimi niliosha bilauri miaka sita. Ahadi ni deni, wanasema, lakini kwa mnyonge nani alilipa? Bernar, Klodeti, Salum: nawataja. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Leo naishi Al Qusais, napika hotelini. Vijana wa mezani wenye vyeti vyao vya mvinyo huniletea bilauri ninuse, huniuliza mvinyo huu mwepesi uende na nini. Nawaambia kuku, dengu, soseji, samaki wa kuchoma asiye na tui, nao wanaandika. Mimi kuandika nimejifunza ukubwani. Alinifundisha mlinzi mmoja Mkenya, kwa daftari la kuunganisha nukta. Mama alifariki kabla sijafika herufi ya jina lake.

Juzi nimempeleka mjukuu wangu kuandikishwa shule. Karani akanisogezea fomu, akanionyesha mstari wa mlezi, nikatia sahihi yangu. Haikufika hata pumzi mbili. Yule dada akasema, "Hongera, bibi," akidhani nalia kwa furaha. Nilikuwa nalia kwa hasira. Kazi yenyewe kumbe ni nyepesi hivi, na bado walimnyima mama yangu.