Kumwambia Mkwe Atoke

Kazi yangu ni kusimama. Mama akiulizwa na majirani kule nyumbani, husema mwanawe anafanya mambo ya nyuklia Amerika, nao hutikisa vichwa kwa heshima. Hawajui kwamba mara nyingi nasimama tu na kipimo cha mionzi mkononi, namwangalia mtu akifungua nati.

Kibarua chenyewe ni kuamua nani wa kusimamiwa. Kinu kikizimwa kwa matengenezo, mafundi wanaingia kama siafu, na sisi wapimaji ni wachache. Anayepaka rangi mahali nilipopima asubuhi, aende zake salama. Lakini anayefungua bomba lililokuwa limefungwa, huyo simwachi, maana yaliyomo ndani hakuna aliyeyapima.

Sasa nani aje kufungua vali wiki ile? Mzee wa kanisa letu la Saint Paul, fundi wa mabomba, baba wa msichana niliyetaka kumwoa. Jumamosi hiyo hiyo wajomba zangu walikuwa wanipeleke kwake Lakeville kuposa. Lo! Kwetu mkwe humtazami hata usoni, sembuse kumpa amri.

Aliponiona kando yake aliniambia niende nikasaidie wengine, vali yenyewe ndogo tu. Miguu yangu ilikubali upesi sana. Nikaizuia, nikabaki. Aliudhika, niliona kwa namna alivyonigeuzia mgongo.

Kifuniko kilipolegea, tarakimu kwenye kipimo zikapanda mbio. Nikamwambia, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi kwa jirani, kwamba afadhali atoke. Akajibu bila kugeuka kwamba amebakisha kidogo, amalizie tu. Jamani, heshima gani hii ya kumwacha mtu aungue?

"Mzee, weka spana chini," nikafoka. "Toka!"

Mafundi Wazungu wote wakageuka. Akaiweka spana, akanipita, na wiki nzima iliyobaki hakunisemesha. Tulipopima tena, tukakuta mionzi ya ndani ni mikali kuliko tulivyodhani, kazi ikapangwa upya. Wakubwa wakanisifu. Sifa hizo ningezipeleka wapi? Nilirudi kwangu Hopkins nikijua mke nimeshamkosa.

Jumamosi tulikalishwa sebuleni, chai ikamiminwa, hakuna aliyeigusa. Mjomba wangu mkubwa, ambaye sikuwa nimethubutu kumwambia lolote, akauliza kama desturi inavyotaka, iwapo mwenye nyumba anamfahamu kijana aliyeletwa. Mzee akanigeukia. Mimi nikatazama zulia. Huko jikoni, alikokuwa mpenzi wangu, sufuria ziliacha kugongana.

"Namfahamu," akasema mzee. "Huyu akiniambia toka, natoka."

Wajomba wakatazamana, hawakuelewa kitu. Mimi nilielewa, nikalia pale pale mbele ya mkwe, jambo ambalo nalo kwetu halifanywi.