Kiti cha Dereva Kimeshonwa kwa Kiuno Changu

Mama yake anasema siku aliyozaliwa alilia kama mtu aliyeibiwa, na tangu hapo hajaacha kudai chake. Jina la Sindano alilipatia gereji, kwa sababu anashona viti vya magari, na kwa sababu ukimgusa vibaya anachoma.

Shule ilimfikisha ilipomfikisha. Akakaa nyumbani, akachoka kuulizwa ataolewa lini, akaenda kwa mzee mmoja fundi viti kuomba kazi ya kufagia. Kufagia kukazaa kukata sponji, kukata sponji kukazaa kushona, na macho ya mzee yalipochoka, cherehani ikabaki kwa Sindano. Leo ana kibanda chake mwisho wa ua wa gereji. Bati juu, cherehani ya kukanyaga katikati, marobota ya sponji kila pembe. Ukiingia lazima upige chafya.

Nje ya kibanda ndipo lilipokaa gari lake. Gari! Tuseme ukweli, lilikuwa bodi tupu, mteja alilitupa hapo likawa lake. Halina injini, halina vioo, kuku anataga kwenye buti.

"Sindano, hilo ni gari au banda?" mafundi wakamcheka.

"Gari lenye mayai. Lako lina nini?"

Taratibu akalitafutia injini, akaipata. Kaka yake, ambaye wote wanamwita Bati kwa kuwa kazi yake ni kunyoosha mabodi, akalinyoosha mpaka likapendeza. Kisha zikaja habari za wikendi ya uwanja wa mbio. Si mashindano ya mabingwa, hapana. Ni siku mbili ambazo mtu yeyote mwenye leseni na gari zima anaruhusiwa kuingia na kukanyaga mafuta mpaka roho itosheke, hakuna matuta, hakuna trafiki, hakuna mbuzi wa kukatiza. Ua mzima ukawaka. Kikaundwa kikundi cha safari. Mwenyekiti, dereva teksi mwenye kitambi na maneno mengi, akatoa magurudumu mazuri aliyokuwa ameyaficha kwake. Shoti, fundi umeme, akatoa betri na nyaya.

"Na wewe Sindano," Mwenyekiti akamwambia, "shona kiti cha dereva. Kiwe cha kubana, mtu asiteleze kwenye kona."

Akashona. Akakifunga kwa bolti karibu na pedali, bila reli ya kukisogeza. Alishona mchana kweupe, watu wakipita, wakimsifia uzi. Hakuna hata mmoja aliyekikalia.

Hapa lazima ujue sheria ya ua ule: mkono uliofunga ndio unaofungua. Kuna fundi zamani alilegeza nati za mwenzake eti anamsaidia. Mwenzake hajui hili wala lile, akawasha gari akaondoka, na mbele kidogo akaona gurudumu lake mwenyewe linampita barabarani. Tangu siku hiyo, kitu ulichofunga wewe hakiguswi na mtu mwingine, hata awe nani. Na aliyesimama kifua mbele kuitangaza sheria hiyo ni huyuhuyu Mwenyekiti.

Basi ikafika siku ya kupanga safari. Mwenyekiti akakalia kreti lililopinduliwa, akakohoa kama waziri.

"Uwanjani wanataka kila gari na dereva wake mmoja. Dereva wetu ni Bati. Shoti atabeba vifaa. Mimi ni msimamizi. Na Sindano, mwanangu, wewe utashika chakula, na utupige picha nzuri nzuri."

Sindano akaweka mkasi chini.

"Rudia," Sindano akasema.

"Chakula na picha. Mbona kazi nyepesi?"

"Gari la nani hili?"

"La kikundi, mwanangu. Kila mtu ana chake humo ndani."

"Lilipokuwa na mayai lilikuwa la Sindano. Limepata injini, limekuwa la kikundi! Leseni ninayo. Wateja wanaponiachia magari, nani anayaendesha kuyarudisha? Chakula?"

"Usinipandishie sauti, mimi ni sawa na baba yako!"

"Baba yangu angeuliza kwanza."

Shoti akacheka, Mwenyekiti akamkata jicho, Shoti akajifanya anakagua waya. "Bati!" Mwenyekiti akaita. "Ingia, tuwashe, tumalize maneno."

Bati ni mtu wa miraba minne, kiuno kama pipa. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akajishusha. Akakwama. Nusu ya Bati ilikuwa ndani ya kiti, nusu ya pili imebaki juu inangoja maelekezo. Magoti yamegusa usukani, shingo imepinda. Akajaribu kutoka, wapi! Shoti akamvuta mkono, Mwenyekiti akamvuta mwingine, akatoka kama kizibo cha chupa.

"Kiti gani hiki?" Mwenyekiti akafoka.

"Mlinituma nishone kiti cha dereva," Sindano akasema, mikono kiunoni. "Dereva nilimjua mmoja tu. Kiti hicho kimeshonwa kwa kiuno changu."

"Kifungue!"

"Sifungui."

Mwenyekiti akashika spana. Shoti, ambaye kwa kawaida hasemi jambo zito, akasimama mbele ya mlango. "Mwenyekiti, mkono uliofunga ndio unaofungua. Maneno yako hayo."

Mzee alivimba kama chura. "Ndivyo? Basi na mimi nafungua changu!" Akalinyanyua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya mawe, akang'oa magurudumu moja baada ya jingine, akayabiringisha mpaka kwenye teksi yake. "Kaendeshe mawe!"

Unadhani Sindano alilia? Thubutu. Aliingia ndani ya gari, akakaa kwenye kiti chake, kikampokea kama mkono unavyopokea glavu. Akachukua kipande cha ngozi na uzi, akaanza kushona kifuniko cha usukani. Hapo juu ya mawe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Habari zikakimbia kumfikia mama yao. Akaja na kanga yake kaifunga kifuani, akasimama kwenye dirisha lisilo na kioo.

"Wewe mtoto, shuka. Unaniaibisha. Na huko unakotaka kwenda nimeambiwa barabara inazunguka tu, inarudi palepale. Mtu mzima unakimbiza gari kurudi ulipotoka, una akili?"

"Mama, mwiko nao unazunguka sufuriani unarudi palepale. Mbona chakula kinaiva?"

Mama akabana mdomo, cheko lisimtoroke. "Mdomo huo hukuurithi kwangu."

"Kwa nani basi?"

"Nyamaza. Mwachie kaka yako. Yeye ni mwanamume, akipasuka kichwa nitajua la kuwaambia watu. Ukipasuka wewe nitawaambia nini?"

"Waambie alikuwa anaendesha la kwake."

Na hapo Bati, aliyekuwa amesimama nyuma akisugua nyonga, akafungua mdomo. Bati si msemaji. Akiongea, watu hugeuka.

"Mama, mimi sikuomba kuendesha. Walinitaja tu, nikaona aibu kukataa. Naogopa mwendo, tangu utoto naogopa. Kazi yangu kunyoosha mabati, si kuyakunja."

"Na mbona hukusema kwenye kikao?" Sindano akamrukia. "Umeniacha nibweke peke yangu kama mbwa wa getini!"

"Niwie radhi, dada. Nilidhani utashinda tu. Huwa unashinda."

"Sishindi. Nagombana mpaka mnachoka!"

Mama akawatazama wawili hao, akatazama na yale mawe. "Funga mkanda," akasema, akaondoka zake.

Mwenyekiti alikuwa bado kwenye teksi yake, hajaondoka. Angeenda wapi? Kijiwe kizima cha teksi kilishajua anakwenda uwanja wa mbio, alishajitapa mpaka koo likamkauka. Akajikongoja kurudi. "Bati hataki?"

"Hataki," Shoti akasema.

"Basi dereva hatuna."

"Dereva mnaye," Sindano akajibu bila kuinua macho kwenye uzi. "Magurudumu ndiyo hatuna." Akachomoa simu, akaiweka sauti ya nje, akapiga uwanjani mbele ya watu wote. Dada wa upande wa pili akauliza dereva ni nani. Akajitaja, jina la kwenye leseni, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Na gari liko tayari?" dada akauliza.

"Lina kila kitu. Miguu tu ndiyo lilivua, kuna mzee anakuja kulivisha."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akajitahidi kununa, kitambi kikamsaliti, kikaanza kutikisika. Akaenda kuyaleta magurudumu. Shoti akataka kumsaidia, Sindano akamzuia kwa kidole: mkono ule ule uliofungua. Basi mzee akapiga magoti mbele ya gari, akazifunga nati zote kwa mkono wake, jasho likimchuruzika, na Sindano juu kwenye kiti anamtazama.

"Kaza," akamwambia. "Mimi ndiye nitakayekuwa ndani."

Asubuhi ya safari, Bati na Shoti wakapanda nyuma na vifaa. Mwenyekiti akafungua mlango wa mbele, akakuta kwenye kiti cha abiria sufuria kubwa limefungwa kwa kitambaa, na simu ya kupigia picha juu yake.

"Hiki nini?"

"Chakula na picha," Sindano akasema, akawasha gari. "Mbona kazi nyepesi?"

Mzee akasonya, akalipakata sufuria, akafunga mlango.

"Polepole basi, binti."

"Polepole tumeiacha kwenye mawe," akasema, akakanyaga mafuta.