Walifunga dirisha jeusi kwenye kompyuta ya nyumbani, nikakaa kimya

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Kwanza mnisamehe makosa ya kuandika. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na vidole vyangu ni vizito kwenye keyboard. Mwandiko wa mkono ndiyo kabisa, bora hamuuoni. Uzi huu nimeuandika kidogo kidogo nikitoka kazini. Lakini haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Ninaishi Macquarie Fields, Sydney, kwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Yeye anaendesha lori la makontena bandarini Port Botany. Mama Mkubwa anatunza wazee. Binti yao Deborah yuko high school. Mimi nafunga maboksi kwenye warehouse, Lidcombe.

Si mtu wa maneno mimi. Kazini wanajua jina langu kwa sababu limeandikwa kwenye vest. Nyumbani Deborah anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza, na Kiingereza changu hufika yeye akiwa ameshaondoka.

Sebuleni kuna kompyuta moja. Ilikuwa na account moja tu, jina lake Familia. Deborah aliwahi kuomba account yake, Baba Mkubwa akakataa.

"Tunakula sahani moja. Kwenye mashini tugawane majina kwa nini?"

Sasa niwaambie kuhusu Safari.

Safari ni rafiki yangu wa kambini. Mimi nililetwa huku, yeye akarudi kwetu Congo, Uvira, anaangalia cyber ya mtu. Kumwandikia ilikuwa inanichukua muda mrefu, halafu nilikuwa sijui niseme nini. Niseme nimefunga maboksi?

Siku moja kwenye video akanifundisha kitu. Fungua command prompt, lile dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Andika ping, acha nafasi, andika namba za modem ya cyber yao. Hizo namba hazibadiliki, bosi wake aliziomba hivyo ili aone kamera zake akiwa mbali.

Modem ikiwa inawaka, inajibu mistari minne. Reply, reply, reply, reply.

Basi ikawa hivyo. Mimi nikirudi kazini nyumba haina mtu, na kwao ndiyo asubuhi, Safari anafungua cyber. Napiga ping. Ikijibu najua umeme upo, mlango uko wazi, amekaa kwenye kiti chake. Inatoka Sydney mpaka Uvira na kurudi, sekunde moja haijaisha. Na sihitaji kutafuta la kusema.

Wakuu, msinicheke. Kuna siku hiyo ndiyo sauti pekee iliyonijibu.

Jumapili moja kanisani, mzee mmoja akasimulia alivyopigiwa simu na mtu anayejifanya fundi wa kompyuta. Akaambiwa afungue dirisha jeusi, aandike maneno fulani. Akaandika. Mashini yote ikachukuliwa na wezi.

Baba Mkubwa alirudi nyumbani moto.

"Deborah! Hilo dirisha jeusi lipo kwenye mashini yetu?"

"Every computer has it, Dad."

"Lifunge."

"Why? Nobody here even uses it."

"Lifunge, nimesema!"

Mimi nilikuwa hapo hapo, sahani ya ugali mapajani. Nikaendelea kula.

Kesho yake nikafungua kama kawaida. Ikaandika kwamba command prompt imefungwa na administrator. Neno hilo nilikuwa nimeliona kwenye barua za serikali tu, nikashtuka, nikazima kompyuta yote.

Wataalamu wa humu, najua mtasema kuna PowerShell, dirisha jingine la aina hiyo. Deborah alifunga na hiyo.

Ila kwa kuwa wote tulikuwa Familia, alijifungia na yeye. Siku ya assignment ya computing kelele zikaanza.

"Dad! It blocked me too!"

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Fundi wetu umejifungia nje?"

Hapo ndipo Baba Mkubwa akakubali kila mtu awe na account yake. Deborah akajifungulia, sisi wengine tukabaki tumefungwa. Password ya administrator akakaa nayo Baba Mkubwa.

Nilipowasha kompyuta nikakuta majina yamepangwa. Baba. Mama. Deborah. La mwisho, chini kabisa: Cousin.

Nililiangalia muda. Deborah hakuwa na nia mbaya, nadhani hakujua jina langu linaandikwaje.

Nikamtumia Safari ujumbe WhatsApp. Tiki moja, haujamfikia. Siku iliyofuata, tiki moja ile ile. Hali ya kwetu mnaijua. Nikaanza kukosa usingizi.

Kuomba kitu kwa mkubwa mimi kunanishinda. Lakini jioni moja Baba Mkubwa anavua buti mlangoni, maneno yakatoka yenyewe.

"Baba Mkubwa, naomba unifungulie dirisha jeusi."

"Ee! Hacker kumbe ni wewe?"

Akacheka, kisha akaniona uso. Akavuta kiti. Nikamweleza yote, polepole. Sikuwahi kuongea naye muda mrefu hivyo tangu nifike.

"Safari yule mtoto wa mama Furaha? Wa kambini?"

"Ndiyo."

Akavaa miwani. Alipoona majina kwenye kioo cha kompyuta akauliza, "Cousin ni nani hapa?" Akamwita Deborah, akamtajia jina langu herufi kwa herufi, na Deborah akaliandika. Akasema "sorry" kwa sauti ndogo. Halafu Baba Mkubwa akaweka password, wakanifungulia.

Nikapiga ping.

Request timed out. Mistari yote minne.

"Inasema nini?"

"Inasema hakuna aliyejibu."

Mkono wa Baba Mkubwa ulikuwa kwenye egemeo la kiti changu.

"Labda umeme."

"Labda."

"Andika tena."

Nikaandika tena. Tulikaa mpaka Mama Mkubwa akatuita kula.

Mpaka leo haijajibu. Siku nyingine Baba Mkubwa ananipigia akiwa kwenye foleni ya makontena: "Amejibu?" Nasema bado. Anasema haya, anakata.

Nilichojifunza: kila mtu awe na account yake mapema, na kufunga hizo tools si vibaya, wezi wapo kweli. Ila kabla hujafunga, muulize kila mtu wa nyumbani, hasa yule asiyesema. Na wewe usiyesema, sema. Siku nilizokaa kimya sitajua kamwe kama alikuwa bado anajibu.

Mlio Uvira, naomba mniambie hali ya umeme na mtandao huko.

Na ninyi wengine mliosoma mpaka hapa, niandikieni, hata neno moja tu. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.