Pembe ya Maksai wa Wilibrodi

Wilibrodi wa kijiji cha Kate, Ufipani, alikuwa seremala, na miaka ile ya vijiji vya ujamaa magitaa ya umeme kutoka nje yalikuwa adimu kuliko sukari. Muhidin, mwenye duka na malori pale Sumbawanga mjini, akamwomba amchongee bodi za magitaa. Nyaya na sumaku Muhidin angefunga mwenyewe.

Wilibrodi hakuiga gitaa la mtu. Alikuwa na maksai wa kulimia, pembe moja ndefu iliyopinda, nyingine kibutu tu, aliivunja akipigana. Kila akishika plau alizitazama pembe zile, mpaka mkono wake ukazijua. Akachonga mninga vivyo hivyo: bega moja limechomoza na kupinda, jingine limekatika. Wapigaji wa bendi za dansi wakalipenda umbo hilo, maana upande uliokatika uliruhusu vidole kufika mwisho wa nyuzi bila kukwama. Bertilla, mkewe, alicheka akisema maksai wao sasa anaimba dansini.

Siku bendi ya Mpanda ilipokuja kununua kwa Wilibrodi mwenyewe, Muhidin alipanda lori akaja Kate. Umbo lile, alisema, ameliandikisha Dar es Salaam kuwa alama ya biashara ya duka lake. Atakayelichonga bila ruhusa yake ni mwizi. Alisema hivyo amekaa kwenye kiti alichochonga Wilibrodi, huku akinywa togwa ya Bertilla.

Shauri likapelekwa baraza la kijiji, Wilibrodi akiwa mlalamikaji, chini ya Gaudensi, mwenyekiti. Kijiji kizima kilijua ukweli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku ile walingoja neno moja tu litoke kinywani mwa Wilibrodi, wampe.

“Ndugu Wilibrodi, umbo hili ni la nani?”

Sasa, Kate ya miaka ile, mtu aliyesimama mkutanoni akasema “langu” aliitwa bepari mpaka watoto wake wakaitwa hivyo shuleni. Na tangu zamani Mfipa aliyelelewa vizuri hajisifii kazi ya mikono yake. Anangoja wenzake waseme. Wilibrodi akavua kofia.

“Ni letu sote, ndugu mwenyekiti.”

Akangoja wenzake waseme. Hakusema mtu. Gaudensi akamgeukia Muhidin, ambaye hakulelewa kijijini wala hakuogopa jina la bepari.

“Langu,” akajibu Muhidin.

Basi mlalamikaji hayupo, akasema Gaudensi, na baraza likafungwa. Mimi mpaka leo nikikumbuka adabu ile natamani kuitemea mate.

Nyumbani Bertilla alimwekea ugali wa ulezi, akakaa mbali naye. “Na mimi wangekuuliza ni wa nani,” alisema, “ungejibu ni wa wote?”

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wilibrodi alicheza kwao, akatunzwa Muhidin. Patasi aliiweka darini, akabaki na plau.

Msimu wa mvua uliofuata alikuwa shambani, maksai mbele yake, Gaudensi akapita kwa baiskeli. Alisimama, akamtazama mnyama, akacheka kwa moyo mweupe kabisa.

“Wilibrodi, huyu maksai amefanana na gitaa la Muhidin.”

Wilibrodi akaachia plau. Akaenda mbele, akaishika ile pembe ndefu kwa mikono miwili.

“Ni wangu,” akasema. “Huyu ni wangu.”

“Nani kabisha?” akauliza Gaudensi, akapanda baiskeli yake.