Injini ya ndege yangu imebaki kwa baba mkwe

Leo baba mkwe ameng'oa injini ya ndege yangu, mimi nimesimama nyuma ya migomba yake namwangalia.



Mnaijua ile ndege yangu ya rimoti. Injini yake niliitoa kwenye mashine mbovu ya kufyekea nyasi, ambayo mzee huyo huyo aliitupa. Nikaifufua, nikaifungia propela.

Leo hapa Busale imeruka vizuri, kisha upepo wa ziwani ukaisukuma, ikaangukia uani kwake.

Na mimi ni mkamwana. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Nikabaki migombani.

Mzee akaitambua mashine yake. Akaleta spana, akafungua propela, akaichomoa injini. Mabawa akayatupa jikoni yawe kuni.

Nikakohoa.

Akasema kwa sauti, "Naona kuna mbuzi wa mtu kwenye migomba."

Alijua ni mimi, maana muda huo huo akanipigia. Kwenye simu mila haimhusu. Aliposikia inalia pale pale migombani, akanigeuzia mgongo, eti heshima.

"Ndaga, mwanangu, asante. Umeniponyea mashine. Mafuta yameisha, naweka petroli tupu?"

Injini hizi petroli lazima uichanganye na oili. Bila oili zinakufa.

Nikakata simu, nikaenda zangu.

Sasa hivi niko nyumbani, naisikia inavyounguruma kule kwake.

Nyie mngemwambia?